Siku Niliyomfungia Mdogo Wangu Njia

Nikiwa na miaka minane, hakuna mahali nilipopapenda kama kizingiti cha mlango wa uani, kwetu Tandale. Saruji yake ilikuwa ya baridi hata jua likiwaka, na ukikaa pale uliona kila kitu: wapangaji wakigombea kamba ya kuanikia, bibi akichambua mchele, mama akipita taratibu na tumbo lake la miezi tisa. Tatizo lilikuwa bibi. Kwa bibi, mlango wa nyumba na njia ya uzazi vilikuwa kitu kimoja.

"Mke mwenzangu, toka hapo," alikuwa akiniambia. "Ukiziba mlango, na mtoto anazibiwa."

Nilikuwa nikiondoka. Akishaingia ndani, narudi.

Jumamosi moja asubuhi nilikaa pale nikala andazi zima, huku nikijua kabisa ninachofanya. Andazi halijashuka vizuri, uchungu ukamshika mama. Bibi akasema tusubiri, hakuna haja ya kukimbilia hospitali, kwani mimi nilizaliwa upesi. Adhuhuri ikafika, mama bado anaugulia. Bibi akafungua madirisha, akafungua makabati, akafungua hata mafundo ya vifurushi vyake vya nguo. Mwisho akatoka uani.

"Nani alikaa mlangoni?"

Wapangaji wakatazamana. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilikuwa na hakika kwamba mama atakufa na kwamba nimemuua mimi.

Jirani mmoja, bila kuomba ruhusa ya mtu, alikwenda kumwita Sista Salome, mkunga aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja na kanga kiunoni, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akamwamkia bibi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamngoja mama apumue. Kisha akalipapasa tumbo polepole, akainama na kipembe chake cha mbao kusikiliza moyo wa mtoto. Nilichungulia kupitia pazia. Uso wake haukubadilika.

"Moyo unapiga vizuri," alimwambia mama. "Ila katanguliza makalio. Hapa nyumbani siyo mahali pake. Tunakwenda hospitali, na mie nakwenda na wewe."

Jirani akakimbia sokoni kutafuta gari. Hapo ndipo kilio kiliponishinda. Niliingia chumbani nikasema yote, kizingiti, andazi, na kwamba nilikatazwa.

Nilitegemea kofi. Bibi alifumba macho. Sista Salome hakunitazama mimi kwanza, alimtazama mama.

"Dada, mateke ulikuwa unayasikia wapi?"

"Huku chini," mama alisema kwa tabu.

"Tangu lini?"

"Tangu... mwezi mzima sasa."

Ndipo akaushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu za mama. Palikuwa na kitu kigumu cha mviringo.

"Hicho ni kichwa chake. Mwezi mzima kimekaa huku juu. Wewe mlangoni umekaa lini?"

"Leo."

"Basi alikuwa ameshakaa hivyo. Siyo wewe." Akamgeukia bibi, kwa sauti ileile. "Bibi, mshike mkono mwanao. Tunakwenda wote."

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya kubebea vitunguu. Mama alilazwa nyuma juu ya godoro, bibi upande huu, Sista Salome upande ule, kipembe mkononi. Mdogo wangu alitolewa kwa upasuaji kabla ya magharibi, mzima, analia kwa hasira. Bibi hakuacha kunifukuza kizingitini, ila kuanzia hapo alisema nazuia wapita njia.

Leo mimi ni mkunga, na nafundisha wakunga. Mwaka jana nilikwenda kumwona Sista Salome, mstaafu anayeishi Segerea. Sura yangu alikuwa ameisahau. Tumbo la mama alilikumbuka.

"Siku ile niliogopa sana," alisema. "Nilikuwa najiuliza kama tutafika."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba aliogopa. Nikamuuliza, sasa nafasi ya kuhangaika na mimi aliitoa wapi?

Alinishangaa. "Mama yako alikuwa anasikia unavyolia. Angetuliaje? Na wewe ningekuacha na neno lile, ukue nalo?"

Nawafundisha wanafunzi wangu kunawa, kupapasa, kusikiliza, kuandika, na kujua mapema ni nani wa kupelekwa hospitali kubwa. Yote hayo ni lazima, na asiyeyajua simruhusu kumgusa mama. Lakini tangu nilipotoka kwake, wakishamaliza kumpima, nawaambia wageuke kidogo watazame ni nani mwingine mle chumbani anayelia, au anayejizuia asilie.