Barua ya Bosi Ilimfikia Zuhura

Anayetaka kucheka na acheke, lakini haya niliyaona mwenyewe, jua likiwaka, pale Chang'ombe, nikiwa na akili timamu na diploma ya kompyuta niliyoitafuta Bombay kwa jasho langu. Sikusomeshwa na mjomba.

Kampuni yetu ilitoa mizigo bandarini. Siku hiyo kirusi kiliingia kwa barua pepe iliyoonekana kutoka kwa bosi. Kila aliyeifungua, mashine yake iliituma upya kwa wote. Nikawakataza wasifungue. Wakafungua.

"Barua ya mzee unaiachaje?" mhasibu akaniuliza, kana kwamba mie ndiye nisiye na adabu.

Bosi naye akaniita. "Si ulijigamba wewe? Magharibi ikifika mashine hazijapona, kesho namleta mwingine."

Nikasafisha mashine zote, na niamini, Dar nzima hakuwapo wa kunifikia. Kirusi kikarudi. Nikasafisha tena, kikarudi. Kila mara mtumaji alikuwa mmoja: Zuhura. Nilikuwa mgeni pale, sikumjua.

Wenzangu walipotoka kwenda kuswali alasiri, nikasikia hodi. Nikajibu "karibu" bila hata kuuliza ni nani. Akaingia mama mmoja wa makamo, kajitanda khanga. Feni ilikuwa ikipeperusha karatasi zangu, lakini khanga yake haikutikisika. Unanielewa?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeniitia nini, mwanangu? Barua ya bosi imenijia, nafungua, haina neno."

"Hata wewe, mama? Mashine yako iko wapi?"

Akanionyesha pembeni, kitu kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Siku zote nilidhani ni redio. Nikafunua: kompyuta, inawaka. Nikachomoa waya.

"Haya, sasa pumzika," nikamtania.

"Ahsante, baba. Nilikuwa nimeshalala."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Mhasibu aliporudi akaona kitambaa mkononi mwangu, akakaa chini taratibu. "Nani kakuruhusu kugusa mashine ya marehemu Zuhura?" Kumbe tangu wamzike hakuna aliyethubutu hata kuizima.

Kirusi hakikurudi tena. Kazi ninayo mpaka leo, na bosi hunitambulisha kwa wageni kama mtaalamu wake. Lakini nikisikia hodi, siku hizi sijibu mpaka nijue ni nani.

Nawe msomaji, usifungue barua kwa sababu tu imetoka kwa mkubwa. Na mkizika mwenzenu, mtoeni kwenye orodha ya barua pepe ya ofisi. Alishamtumikia bosi vya kutosha.