Ngitili ya Vitabu Kando ya Barabara ya Tinde

Kipimajoto hakuwa nacho. Barakoa alikuwa nayo moja tu, aliyoishona kwa mkono kutokana na kipande cha kitenge. Sabuni haikutosha, koti la kazi lilikuwa limechanika kwapani, na ofisi ya kuingia na kufunga mlango hakuwahi kuwa nayo. Cheti cha kidato cha nne hakuwa nacho, kwa kuwa hata kidato cha kwanza hakukikalia. Na mwishoni mwa Mei 2020, alipoambiwa kwamba maktaba ya chuo itafunguliwa tena na yeye ndiye atakayesimama mlangoni, Nyamizi Mabula hakuwa na mtu wa kumuuliza kazi hiyo inafanywaje. Hapo chuoni hakuna aliyewahi kuifanya.

Saa moja asubuhi, Ijumaa ya wiki ya pili ya Juni. Upepo wa kiangazi unatoka kwenye mashamba ya pamba na kupita juu ya mapaa ya chuo kikuu kidogo kilichojengwa kando ya barabara ya Tinde, nje ya mji wa Shinyanga. Nyamizi, mwenye umri wa miaka 52, anazunguka ukumbini akifungua madirisha moja baada ya jingine, taratibu, kama mama anayewaamsha watoto na hataki walie. Mwanga wa rangi ya asali unaingia. Vumbi linaelea ndani yake, wala halina haraka ya kutua.

"Saa hii ndiyo yangu," anasema kwa sauti ya chini. "Ukisimama kimya unavisikia vitabu vinapumua. Usicheke. Simama usikie."

Ukumbi huu ulikuwa na viti mia na ishirini. Leo una arobaini, kila kimoja mbali na mwenzake kama mikuyu ya mbugani, na kila kimoja kina namba ya rangi nyeupe mgongoni. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio waliotangulia kupewa viti, nusu asubuhi na nusu mchana. Wengine wanasubiri.

Viti vya asubuhi vyote vina wenyewe na vyote vinakaliwa, isipokuwa namba kumi na nne. Nyamizi anakifuta hicho kama vingine, kisha anakifuta mara ya pili.

Ni kiti cha Luka, kijana wa Kharumwa. Vyuo vilipofungwa Machi alikwenda kwao, na hajarudi. Kanuni iliyobandikwa mlangoni inasema kiti kikikaa siku kumi bila mtu anapewa mwingine. Leo ndiyo siku ya kumi.

"Mwangaluka, Mama Esta!" sauti inamwita Nyamizi kutoka kwenye ndoo ya kunawia. Ni Marwa, kijana wa Tarime, ambaye salamu hii ya Kisukuma ameijua mwaka wa tatu huu na bado anaitamka kama amri ya jeshi.

"Mwangaluka, mwanangu. Nawa mpaka kwenye viwiko, hujaja kupaka mafuta."

"Nanawa, mama. Na leo naingia ndani, au vipi? Mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Wiki nzima nasomea pale kwenye mwamba, upepo unanigeuzia kurasa kabla sijazimaliza."

"Kiti kina mwenyewe."

"Kina mzimu, mama. Wote tunakiita kiti cha mzimu."

"Mzimu haandiki tasnifu," Nyamizi anamjibu. "Huyu ameandika nusu."

Marwa anacheka ndani ya barakoa yake, lakini macho hayacheki sana. Naye ana tasnifu ya kumaliza, na chumba anachopanga hakina umeme. Nyamizi analijua hilo. Ndiyo maana wiki nzima usingizi wake umekuwa mwepesi.

Wakati chuo kimefungwa, ni yeye peke yake aliyeendelea kuja maktaba. Alifungua madirisha ili mchwa na unyevu visizoee, akatembea katikati ya rafu, akaketi. Hakuna aliyemtuma aketi. Alikuwa akichukua kitabu chochote, akasoma mistari aliyoielewa na kuiruka ile ya Kiingereza iliyomshinda, jua likisogea sakafuni mpaka likafika miguuni pake.

"Nikaota," anasimulia. "Niliota vitabu vinatoka rafuni vyenyewe, vimepanga mstari kama ng'ombe, vinakwenda kunywa maji mtoni. Mimi niko nyuma na fimbo. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga kelele. Nilipoamka nikasikitika kwamba nimeamka."

Kisha ikaja habari ya kufungua, na pamoja nayo swali la vitabu ambavyo wanafunzi walikwenda navyo majumbani. Vilianza kurudi kwa mabasi na kwa pikipiki, kutoka Kalangalala, kutoka Kahama, kutoka kwenye machimbo. Nani ajue vimeshikwa na nani?

Mkutubi wa chuo, Donatus, Mhaya mwenye shati lililonyooka na maneno machache, aliagiza tu kwamba vitabu hivyo vikae peke yake kwanza. Akaondoka kwenda kikaoni. Nyamizi akaona atamsaidia zaidi ya alivyoomba. Nyuma ya maktaba kuna mwamba mkubwa, na kila mtoto wa Kisukuma anajua mwamba ni wa nini. Viazi vitamu vikimenywa na kukatwa, huanikwa juu ya mwamba mpaka vikauke viwe michembe, navyo hukaa mwaka mzima bila kuharibika. Jua huua kila kitu kibaya. Akavibeba vitabu, akavianika vyote, kurasa zikitazama mbinguni.

Kufika saa tisa gundi ilikuwa imeyeyuka. Majalada yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbuzi.

"Mkutubi alirudi akasimama pale," anasema Nyamizi. "Akavitazama, akanitazama. Akasema, 'Mama Esta, umevianika kama michembe.' Nikasema ndiyo, mzee. Akauliza, 'Na tunavila lini?' Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe anacheka! Miaka sita nafanya kazi naye, sikujua kama ana meno ya dhahabu."

Siku hiyo, wakivilaza vitabu chini ya matofali ili vinyooke, Donatus alimweleza tena, safari hii taratibu. Havihitaji jua. Vinahitaji kuachwa tu: siku tatu ndani ya chumba, visiguswe na mtu, kisha virudi rafuni.

Hapo Nyamizi akaelewa, na akashangaa kwamba hawakuanza na neno hilo. "Nikamwambia, mzee, unachosema ni ngitili."

Katika vijiji vya Usukuma, mvua zinapoanza, mfugaji hutenga kipande cha malisho na kukifunga. Ng'ombe hawaingii, hata kama nyasi zimefika magotini na zinanukia. Hiyo ndiyo ngitili. Hufunguliwa kiangazi kinapouma, kila mahali pakiwa pamebaki vumbi. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati wake hutozwa faini, na faini yenyewe ni nusu tu ya aibu.

Donatus alitafuta karatasi nyeupe, akaandika NGITILI kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye mlango wa stoo ya magazeti ya zamani. Afisa afya alipokuja kukagua alisoma, akauliza, akaelezwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuendelea kupima umbali wa viti. Tangu maktaba ifunguliwe hakuna mwanafunzi aliyechukua kitabu humo. Wengi wao ni watoto wa wafugaji. Mlango hauna hata kufuli.

Lakini kiti namba kumi na nne hakikuwa na ngitili ya kukilinda.

Jumatano, baada ya kupiga simu siku tatu bila kupokewa, Nyamizi alimpata Luka. Alikuwa kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, juu ya duara, yaani shimo la dhahabu, anavuta kamba ya kupandisha mawe. Kwa siku nzuri anapata shilingi elfu saba. Kwa siku nyingine anapata chakula tu.

"Mama, usinisubiri," alimwambia. "Chuo kimeshanipita."

"Chuo si basi la Mwanza," Nyamizi alimjibu. "Mpe baba yako simu."

Mzee Sikujua, baba yake Luka, aliichukua simu kama mtu anayeshika kaa la moto. Nyamizi anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Mwangaluka, mayu," mzee alisalimia, akimwita mama.

"Mwangaluka, Baba Luka. Kijana wako ana kiti huku."

"Kiti gani? Machi mlimfukuza na begi kichwani. Leo mnamwita. Kesho mtamfukuza tena, na ugonjwa mmempa juu yake."

"Hatukumfukuza, baba. Na sasa tumejipanga."

"Mmejipangaje?"

"Mpaka nikueleze yote salio litakwisha."

"Basi niandikie. Maneno ya simu ni upepo, mayu. Niandikie, na mhuri uwepo. Nikisoma nikaona kuna akili, atakuja. Nisipoona, ataendelea na kamba."

Mhuri anao Donatus. Na Donatus ndiye aliyeandika kanuni ya siku kumi.

Saa nne asubuhi ya Ijumaa hii, ukumbi umejaa ukimya wa watu thelathini na tisa wanaosoma. Nyamizi anapiga hodi ofisini kwa mkutubi na kubaki amesimama karibu na mlango, mbali kama kanuni inavyotaka.

"Naomba kiti cha Luka kingoje mpaka Jumatatu, mzee."

"Mama Esta, kanuni hii niliiandika mimi. Nikiivunja mimi, nani ataifuata? Na Marwa naye ana haki."

"Ana haki. Sikatai."

"Sasa?"

Nyamizi anamwambia jambo ambalo katika miaka sita hakuwahi kumwambia. Mwaka 1982 alifaulu darasa la saba, msichana peke yake kijijini kwao. Akachaguliwa kwenda shule ya bweni Tabora. Baba yake alikuwa porini na mifugo, na nauli ilisubiri ng'ombe auzwe, na ng'ombe akasubiri mnada. Yeye na baba yake walifika shuleni wiki tatu baada ya muhula kuanza.

"Nilikuta msichana mwingine amelala kwenye kitanda changu," anasema. "Jina langu limekatwa mstari, lake limeandikwa juu. Hakuwa na kosa, mzee. Alikuwa mtoto mzuri, hata alinipa maji ya kunywa. Tukarudi. Mwaka uliofuata nilikuwa machimboni Geita naponda mawe kwa nyundo, na niliponda miaka kumi na tisa."

Donatus anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati lile lililonyooka, anaivaa tena.

"Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi," anasema. "Saa mbili na dakika moja ni ya Marwa. Nenda kamwambie wewe mwenyewe, mimi siwezi kumtazama."

Nyamizi anamkuta Marwa juu ya mwamba, daftari limekandamizwa kwa jiwe kila upande. Anamweleza yote, hafichi kitu. Kijana anasikiliza huku akitazama barabara, malori ya pamba yakipita mbali bila sauti, kama yanapita usingizini.

"Kwa hiyo nimwachie mtu asiyejulikana kama atakuja."

"Siku tatu tu, mwanangu."

"Ngitili," anasema Marwa. Anaguna. "Ninyi Wasukuma mtatulaza ngitili sisi sote. Haya. Lakini Jumatatu saa mbili, mama, mimi na mzimu wako tutashikana mieleka hapo mlangoni."

"Wabeja sana," anamshukuru Nyamizi.

Zamu ya asubuhi ikiisha, anaketi kwenye meza ya nyuma na kuandika. Anaandika kwa mkono mpana, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo, nyuma ya ile barakoa ya kitenge. Upepo unapita dirishani. Mara mbili anaacha kuandika na kutazama nje kwa muda mrefu, kama anayesikiliza jibu kabla ya kuuliza.

"Baba Luka," barua inasema, "mlangoni kuna maji yanayotiririka na sabuni. Kijana wako ataketi peke yake, hakuna wa kumpumulia. Madirisha yako wazi kutwa. Kitabu kikitoka mkononi mwa mtu kinalala ngitili siku tatu, ndipo akishike mwingine. Kwanza nilivianika juani nikaviharibu, nakwambia ili ujue kwamba sasa tumejifunza. Siwezi kukuahidi kwamba chuo hakitafungwa tena, hilo liko juu ya uwezo wangu. Ninachoahidi ni kwamba kiti ni chake mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni."

Donatus anaisoma mpaka mwisho. Habari ya kuanika inamtoa tabasamu. Hasahihishi hata nukta. Anagonga mhuri, anasubiri wino ukauke, anagonga wa pili pembeni yake.

"Baba kama huyo," anasema, "mmoja hautamtosha."

Nyamizi anaikunja barua mara tatu. Bahasha hailambi, kwa kuwa siku hizi halambi mtu. Anachovya kidole kwenye kopo la gundi ya kuunganishia vitabu, anaipitisha polepole ukingoni, anaikandamiza kwa kiganja na kuhesabu moyoni mpaka ishike.

Ndoto yake anaisema akiwa njiani kwenda barabarani, bila kuulizwa. Anataka siku moja ukumbi ule ujae tena viti mia na ishirini, na yeye azunguke saa moja asubuhi asikute kimoja ambacho mwenyewe hajulikani aliko. "Sitaki kikubwa," anasema. "Nataka kila jina likute kitanda chake."

Basi dogo la Kharumwa, linalopitia Kahama, linasimama kwa vumbi lake lote. Konda ananing'inia mlangoni, barakoa ikiwa kidevuni. Nyamizi anampa shilingi elfu mbili na bahasha, na kumtajia jina la Mzee Sikujua na duka wanakomfahamu.

Konda anaipima bahasha mkononi. Anaiona nyepesi mno kwa fedha hiyo.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Kuna kiti. Pandisha barakoa."

Konda anacheka, anaipandisha, anaichomeka bahasha juu ya kioo cha dereva na kupiga bati mara mbili. Gari linaondoka.