Nywele za Krismasi Kwenye Meno ya Mashine

Kitu cha kwanza nilichokitoa kwenye mashine yangu ya kulimia kilikuwa daipa. Haikuwa nzima. Ilikuwa imesagwa ukabaki ule ute wa ndani, umevimba kama uji wa juzi na kujipaka kwenye meno yote. Meno ndivyo tunavyoviita vile visu vilivyopinda ambavyo huzunguka na kugeuza udongo. Nyuma ya daipa palikuwa na kamba ya gunia, na nyuma ya kamba palikuwa na nywele za kusukia, za rangi ya zambarau, zimejizungusha kwenye ekseli, mhimili wa meno hayo, mpaka zikawa ngumu kama rungu. Zilinuka maji ya mtaro. Nilivuta kidogo, nikageuka nikatema mate, nikavuta tena.

Mashine ilikuwa imetoka kwa jirani. Ninaishi Kiamunyi, pembeni mwa Nakuru, tangu nilipostaafu kufundisha kilimo, na jirani huyo ni msusi. Saluni yake ni kibanda cha mabati kando ya barabara, na akina mama hutoka mbali kumfuata kwa sababu ya vidole vyake: vyepesi, havivuti kichwa. Vidole hivyo ndivyo vinavyolisha watoto watatu, kwa maana mumewe ni dereva wa trela na hulala Salgaa, kituo cha malori, mara nyingi kuliko nyumbani. Wiki hiyo mume alikuwa na mapumziko, mvua ilikuwa inakaribia, nao walitaka kupanda sukuma na maharagwe nyuma ya nyumba waliyopanga.

Niliwaazima kwa moyo mweupe. Na kwa kuwa siwezi kumpa mtu hata jembe bila somo, niliwaeleza.

"Kabla ya kuiwasha, tembeeni shamba lote kwa miguu. Okoteni mawe, waya, vitambaa, kila kitu. Vaeni gambuti, si sandali. Na hii hapa kwenye mpini ni klachi. Ukiibana, meno yanazunguka. Ukiiachilia, yanasimama. Siku utakayoteleza, mkono wako utaiachilia wenyewe, na hiyo ndiyo itakayokuokoa mguu."

"Mwalimu," mume akacheka, "mimi nakokota kontena kutoka Mombasa mpaka Malaba. Haka ni kambuzi tu."

"Mbuzi hana visu kumi na sita."

"Sikiza Mwalimu, wewe," mkewe akamwambia. "Hata hiyo trela si uliiweka kwa mtaro mwezi jana?"

"Niliegesha!"

Tulicheka sote watatu, wakaisukuma wakaenda nayo.

Jioni mume aliirudisha, na juu yake alikuwa ameweka debe la viazi vya Kuresoi, vyekundu, bado vina udongo wa huko. Huku kwetu aliyeazima chombo harudishi mikono mitupu. Nikaangalia viazi, kisha nikaangalia mashine, na kwenye klachi nikaona mpira wa tyubu. Ulikuwa umezungushwa mara nne na kufungwa fundo, ili klachi ikae imebanwa bila mtu kuishika. Madereva wa masafa hufunga kila kitu kwa mpira wa tyubu: turubai, kioo cha pembeni, mlango usiokubali kufungika. Mkono ulikuwa umemchoka, akafunga.

Niliuona mpira ule vizuri kabisa. Nikafungua mdomo, nikaona tena lile debe, nikasema, "Asanteni sana, mmejisumbua."

Unamkemeaje mtu aliyekuletea viazi? Alipoondoka niliukata mpira kwa kisu na kuutupa kwenye pipa, nikapiga magoti nikaanza kutoa uchafu wao. Kila nilichovuta kilinichefua zaidi ya kilichotangulia. Nilijiuliza ni watu gani wanaolima juu ya daipa, na sikukumbuka kujiuliza ni mwalimu gani anayefungwa mdomo kwa kiazi.

Asubuhi mume alikuja kuichukua tena amalizie nusu iliyobaki. Niliikagua mbele yake: oili, petroli, nati za meno. Kuhusu klachi sikusema neno. Nilijiambia kwamba akiona mpira haupo, ataelewa.

Mnamo saa nne nilikuwa naanika nguo niliposikia sauti ya injini ikibadilika. Mashine inayolima vizuri huguna kwa mpigo mmoja. Hii ilikuwa inalia kama mtu aliyeshikwa koo, na harufu ya mpira unaoungua ikavuka ua. Nilijua mkanda unateleza: injini inavuta, meno yamekwama. Niliacha nguo, nikapita kwenye pengo la ua.

Mume alikuwa pembeni, ametupa mgongo, anaongea na simu. Mashine ilikuwa peke yake katikati ya shamba, inawaka, na kwenye klachi palikuwa na mpira mpya. Mbele yake mkewe alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili ndani ya meno, akivuta nywele.

"Mwalimu, kuja uone!" Alikuwa anacheka. "Hizi ni zangu! Hii ni ile rangi ya Krismasi!"

Kumbe ndiko alikokuwa akizika takataka za saluni mwaka mzima, pamoja na daipa za kitinda mimba wake.

Hebu elewa vizuri nilichokuwa nakiona. Injini ilikuwa inasukuma, na klachi ilikuwa imefungwa. Kitu pekee kilichozuia visu kumi na sita kuzunguka kilikuwa zile nywele, naye alikuwa anazitoa shungi kwa shungi, kwa ustadi wake wote.

"Toa mikono!"

"Ngoja, imebaki hii moja..."

Sikungoja. Niliirukia swichi. Kabla kidole changu hakijaifikia, shungi lile likaachia, na meno yakaruka. Kisha kidole kikafika, injini ikazima.

Msusi alikuwa amekaa chini, na mkono wa sweta yake ulikuwa umeliwa mpaka kwenye kiwiko. Aliinua viganja mbele ya uso, vyeusi kwa matope na grisi, damu ikishuka kutoka kidole cha mwisho. Akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Alipofika kumi alirudia kutoka mwanzo. Kumi tena. Kilichoondoka kilikuwa ukucha mmoja.

Mume alikuja mbio, simu bado mkononi inaongea. Aliutazama mpira wa tyubu kama aliyeufunga ni mtu mwingine.

"Mkono ulikuwa unachoka," akasema.

Mkewe alinigeukia mimi. "Mwalimu, jana ilikuwa imefungwa hivi?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Na uliona?"

"Niliona."

Nimetoa vitu vingi vibaya kwenye mashine ile, na hakuna kilichowahi kuninukia kama nilivyojinukia mwenyewe wakati ule. Viazi vyao sikuweza kuvila. Nilimenya kimoja, nikaona kama namenya kidole, nikaacha. Kesho yake nililirudisha debe likiwa karibu limejaa, nikamwambia mume, mkewe akisikia, yote niliyopaswa kumwambia ile jioni ya kwanza. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho alitoa mfukoni mipira mingine miwili, akanipa.

Siku ya nne msusi alikuja kwangu mwenyewe, kidole kimefungwa bendeji, na sindano yake ya krosheti imechomekwa kwenye kilemba. Alikuwa amesikia kwamba oili ya mashine inavuja. Nywele zilikuwa zimepenya nyuma ya ile sili ya mpira inayozuia oili ya gia isitoke, na usipozitoa zote, hata sili mpya italiwa.

"Nifundishe," akasema. "Lakini polepole."

Nilimwonyesha waya wa plagi. Ukiuchomoa, mashine haiwezi kuwaka hata mtu akivuta kamba ya kuwashia. Aliuchomoa, akausukuma mbali. Akaibana klachi na kuiachilia, aone inarudi. Kisha akachuchumaa, akasogeza mkono, na mkono ukakataa kuendelea.

"Mwalimu, imezima kabisa?"

"Usiniulize mimi. Angalia."

Akaangalia waya, akaangalia swichi, akaangalia waya tena. Ndipo akaingiza sindano taratibu nyuma ya sili, kama anayetafuta mshono kichwani mwa mteja, akazungusha, akavuta. Likatoka fundo la zambarau lililooza, na ndani yake kipande cha fuko, mkia na ngozi.

"Woi!" Akafunika pua kwa kiwiko. "Inanuka."

"Inanuka," nikasema. "Vuta."