Nilivyolia Kilio cha Mdogo Wangu

Kuhadithia nimefundishwa mara mbili. Mwalimu wa kwanza alilipwa, akaja kutoka Lubumbashi na mashine ya kurushia picha ukutani, akatukalisha siku tatu katika ukumbi wa parokia. Wa pili anauza matembele sokoni na hajui kama amewahi kunifundisha chochote. Nikimkumbuka yule wa kwanza, mpaka leo damu inanichemka.

Shida yetu ilikuwa bariere. Kampuni inayochimba shaba kando ya mtaa wetu, hapa Musonoi, iliweka chuma kukatiza njia ya nyuma ya nyumba zetu, njia ambayo wanawake walipita kwa miguu dakika kumi kufika materinite kujifungua. Tangu siku hiyo ikabidi kuzunguka shimo lote la mgodi kwa pikipiki, karibu saa nzima, kwenye barabara ya malori. Mdogo wangu wa kike aliposhikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mlinzi alikataa kuinua chuma kwa sababu mwenye uchungu hakuwa na kibali. Akazungushwa. Mtoto alizaliwa njiani, na hakulia.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akawa mjamzito tena, na bariere bado ipo. Kamati ya mtaa ikafanikiwa kupata mkutano na mkurugenzi wa kampuni. Nikachaguliwa mimi kusema, kwa kuwa ni katibu wa shule ya msingi na watu husema najua kuongea. Shirika moja likaahidi kutusaidia "kutoa ushuhuda", likamleta huyo mkufunzi.

Alitufundisha kuanza na kidonda. Kushusha sauti. Kunyamaza, kuhesabu hadi tatu, kumtazama mtu mmoja machoni. Nilipomweleza yaliyompata mdogo wangu alifurahi. Ndiyo, alifurahi, akapiga makofi mawili.

"Mama, usiseme mdogo wangu," akaniambia. "Sema mimi. Inagusa zaidi."

Nikakubali. Siwezi kumtupia yeye lawama zote. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, na nikakubali.

Siku ya mkutano nikasimama mbele ya watu nikamlilia mtoto ambaye sikumzaa. Nikahesabu hadi tatu. Wageni wakatoa leso. Mkurugenzi akasema ameguswa sana. Mpiga picha wao akaniomba nipanguse macho tena, maana picha ya kwanza haikutoka vizuri, nami, mpumbavu mimi, nikapangusa tena. Kisha wakapanda magari yao, mlinzi akawainulia bariere, wakapita, akaishusha.

Mdogo wangu alikuwa amekaa mstari wa nyuma muda wote ule. Alinisubiri mlangoni kwangu mimi dada yake mkubwa, yaya wake.

"Yaya, mutoto wangu umemulilia weye mbele ya bantu. Sasa mi nimulilie wapi?"

Majuma mengi hakunisemesha, na alikuwa na haki.

Katikati ya majuma hayo mjomba wetu akafariki, tukakaa matanga. Kwetu, watani wa ukoo wana ruhusa ya kumsimanga marehemu mchana kweupe, na hakuna wa kuwakasirikia. Yule muuza matembele ni mtani wetu. Akaingia uani amevaa buti za mjomba na kofia yake ya mgodini, akaanza kumwigiza anavyorudi kutoka kazini, akiyumba. Lakini hakuigiza peke yake. Akamshika kaka wa mjane, akamsimamisha wima: "Weye ni mulango." Akina mama akawafanya mbwa wa jirani, wakabweka. Mwinjilisti mzima akageuzwa baiskeli. Watu waliokuwa wamekaa wakipangusa machozi wakajikuta kila mmoja ana kazi, wanacheka hadi mbavu zinauma. Alipofika pale mjomba alipozoea kugonga mlango na kumwita mkewe, akavua kofia tu, bila kugonga. Yule kaka akabaki amesimama, anasubiri kugongwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mjomba harudi.

Baada ya matanga nikamfuata yule mtani mezani kwake sokoni, nikamweleza aibu yangu ya ule mkutano. Hakuacha kufunga mafungu yake.

"Weye ulibaliza, ulibatoa machozi. Mutu akisha kulia anajisikia muzuri, anarudia kwake. Bapatie kazi, mama."

Mkurugenzi alirudi mtaani kugawa madaftari ya shule. Kabla ya siku hiyo nilikwenda kwa mdogo wangu, nikapiga magoti, nikaomba radhi, kisha ruhusa. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, siku zimekaribia.

"Sema," akasema. "Lakini mutoto wangu umuache."

Nikamwacha. Nilipopewa nafasi, nikachukua fungu la madaftari yao, nikalifunga kwa kitenge changu, nikamfuata mkurugenzi kwenye kiti chake.

"Tata directeur, leo tumbo ni yenu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye ni mtoto wa Likasi, mji wa migodi kama wetu, mizaha anaijua, akacheka, akajifunga tumbo. Mlinzi wake nikamwambia anyooshe mkono awe bariere. Akanyoosha bila kufundishwa. Kiti kikawa pikipiki. Watu wote wakawa barabara: kila nikiinua kidole wanapiga kelele "Shimo!" na mkurugenzi lazima aruke na tumbo lake. Tukazunguka mgodi. Jasho likaanza kumtoka.

"Basi, mama, nimefika?"

"Bado, tata."

Wakacheka. Shimo. Shimo. Lori linapita, tulia kando, kula vumbi.

"Sasa nimefika?"

"Bado."

Wachache wakacheka. Madaftari yalianza kuteleza, akayashika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuangusha kitu.

"Mama, nimefika?"

"Bado."

Safari hii hakucheka mtu. Mlinzi, sikumwambia mimi, akashusha mkono wake.

Mkurugenzi akafungua kitenge polepole. Akatangaza kwamba tangu kesho bariere itakuwa wazi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Makofi yakalipuka. Mwenyekiti wa kamati akanikumbatia. Mimi mikono ilibaki chini. Mtu amebeba tumbo nusu saa na bado anawapangia wanawake saa za kuzaa!

Mstari wa nyuma mdogo wangu akasimama, ameshika kiuno.

"Na uchungu ikinikamata saa tatu ya usiku?"

Mkurugenzi akanigeukia mimi, akatabasamu kidogo, akingoja, kana kwamba ilikuwa zamu yangu kuendelea kuwachekesha.

"Hii haiko hadisi, tata," nikamwambia. "Ni yeye anawauliza. Mumujibu."