Sechelela Alipozuia Torati Isisomwe

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, ni Jumamosi moja ya kiangazi huko kijijini kwetu, njia ya Mvumi, nilipokuwa msichana wa kuchumbiwa. Nitakusimulia. Lakini kwanza ujue kwamba nina hasira, na ninayemkasirikia ni wewe.

Jumamosi iliyopita mlinzi wa nyumba yetu ya sala pale Kizota mjini alimrudisha mama mmoja getini. Mama huyo ni jirani. Ukuta wetu mpya umeziba njia waliyokuwa wakipita kwenda zahanati, na sasa wajawazito na wagonjwa wanazungukia barabara ya malori. Alikuja kutuambia hilo, sisi tuko ndani tunaimba kwa sauti nzuri. Nilipokuuliza, wewe kiongozi wa vijana, ulinijibu, "Bibi, tulikuwa na wageni, ratiba imebana. Tulimwambia aje Jumatatu ofisini." Ratiba! Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Basi kaa usikilize.

Enzi hizo sisi Wayahudi wa huku tulikuwa familia chache tu. Majirani walidhani ni Wasabato, kwa kuwa Jumamosi hatushiki jembe, na hawakuchoka kutualika kwenye kwaya yao. Hatukuwa na ukuta wala geti. Tulikuwa na chumba cha matofali ya kuchoma, gombo moja la Torati, na uani kisima cha pampu ya mkono tulichochimbiwa na wafadhili. Kijiji kizima kilichota pale, na hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Mwaka ule mvua ilikataa. Uwele ulikauka shambani haujafika hata magotini, na pampu ikaanza kutoa maji kwa kusuasua. Baba yangu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wetu, akaenda mjini akarudi na mnyororo na kufuli. "Tuanze na watu wetu," alisema. Baba hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kisima kisije kikakauka kabisa. Lakini kufuli ni kufuli. Majirani wakarudi korongoni kufukua mchanga, wakagombania maji ya matope na ng'ombe.

Mmoja wao alikuwa Sechelela, mjane wa Kigogo, Muanglikana, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Binti yake alikuwa ametoka kujifungua, na maji ya korongoni yalimwanzishia kuharisha. Siku moja nikimsaidia kuanika mlenda, Sechelela aliniuliza kama hakuna awezaye kumwambia baba. Nikamjibu wameshamwambia, hasikii. Kisha nikamtajia, kama mtu anavyotaja jambo la kale, kwamba kwetu ipo desturi: aliyedhulumiwa akikosa wa kumsikiliza, anaweza kusimama mbele ya watu siku ya Sabato akazuia Torati isisomwe mpaka shauri lake lisikilizwe. Aliendelea kutandaza majani yake.

Jumamosi hiyo Mzee Daudi, msomaji wetu, alikuwa ndiyo kwanza amelilaza gombo mezani. Sechelela akaingia bila hodi, ndoo tupu mkononi.

"Mbukwenyi," alituamkia kwa Kigogo, kisha akasimama mbele ya meza. "Msisome kwanza. Nina shauri."

Baba aliinuka. "Mama, hii ni ibada. Na desturi hiyo ni ya watu wa ndani."

"Baba Raheli," alimwita kwa jina langu, "watu wa ndani wana maji."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Baba akasema leo ni Sabato, kufungua kufuli na kupiga pampu ni kazi, tungoje jua lizame.

"Binti yangu amelegea tangu juzi," Sechelela alisema. "Maziwa yanakatika. Kiu ya mzazi haijui Jumamosi."

Mzee Daudi hakubishana na mtu. Alilifunga gombo kwenye kitambaa chake, akaketi. "Yusufu, mimi sisomi," alimwambia baba. "Tumeamriwa kumpenda mgeni, na huyu wala si mgeni, alizaliwa hapa kabla yako. Uhai ukiwa hatarini Sabato inapisha, hilo tunawafundisha hata watoto. Kufuli ulilitia wewe, usimsingizie Mungu."

Tukakaa. Bati lilikuwa linawaka juu yetu, watoto wanalia, na baba amekunja mikono anatazama ukuta. Nilikuwa nampenda sana baba yangu, mwanangu, na siku ile nilimchukia. Nikatoka kwenye viti vya wanawake, nikaenda nikasimama kando ya Sechelela. Baba akanitazama. Halafu akatoka nje, tukasikia mnyororo ukianguka.

Alipiga pampu mwenyewe na nguo zake za Sabato, akajitwika ndoo, akaipeleka mpaka mlangoni kwa mjane. Watu walisimama njiani kutazama. Binti akapona, kwa maji yale na kwa dawa za hospitali.

Usidhani nitakwambia kisima kilifurika kwa baraka. Kilikauka. Baba alikuwa amekisia sawasawa, na hakunisemesha mpaka mvua za kwanza. Lakini kilikauka kwetu sote, na sote tukaenda korongoni na majembe, Myahudi, Muanglikana na mwenye mizimu yake, tukachota kwa zamu. Hakuna mwaka tuliokuwa na njaa kama ule, na hakuna mwaka niliojivunia watu wangu kama ule.

Sasa nakuuliza. Babu zako walikuwa na chumba cha matofali, mjane akaingia na ndoo akafika mezani. Ninyi mna vipaza sauti na viyoyozi, na mama wa watu hafiki hata kizingitini! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mmempa mgeni namba ya ofisi.

Najua kwa nini mliweka mlinzi. Watu wetu duniani wanaiogopea milango yao, na wana sababu: wameshavamiwa wakiwa kwenye sala. Lakini mlinzi yupo amzuie mwenye jiwe, si mwenye kilio. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shika hili: sala ambayo mnyonge hawezi kuikatiza haimfikii Mungu, inaishia kwenye bati. Mtu akija na shauri wakati mnaimba, acheni kuimba. Mkisoma habari za haki mkiwa mmeiziba njia ya jirani, heri msingesoma.

Jumamosi ijayo nitakuja nimemshika mkono yule mama. Mlinzi anitoe na mimi, tuone. Tutasimama mbele ya meza, na zamu ya kusoma ni yako. Kabla ya siku hiyo unazo siku za kutafuta fundi wa kuvunja ukuta, na Kizota mafundi hawakosekani.

Mungu wa Sara na wa Raheli akubariki, mwanangu. Akupe mke mwema, watoto na mvua kwa wakati wake. Na kama vyote hivyo ni vingi kwa mara moja, basi aanze kukupa masikio. Amina.