Maswali Matatu ya Nyanya

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Voi kwa hii treni mpya, kutoka Mombasa. Kiti kilikuwa na nambari, hewa ilikuwa baridi, na sauti laini ilitutangazia vituo. Jirani yangu, msichana wa chuo, alikuwa ameziba masikio kwa muziki wa simu yake. Nikamkumbuka nyanya na treni yetu ya zamani.

Ile, tusidanganyane, haikuwa raha. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi magumu, choo kilinuka mpaka mlangoni, na treni ilifika ilipotaka yenyewe. Nyanya aliteremka kutoka kilima cha Mbololo hadi kituo cha Voi na kimanga chetu, muhogo uliopondwa na maharagwe, akiwa amekifunga kwa jani la mgomba. Kabla hajakaa vizuri alikuwa ameshamuuliza jirani maswali yake matatu: unatoka wapi, wewe ni wa nani, unashukia wapi. Nilikuwa na miaka tisa, na aibu ilinijaa. Siku moja nikamwambia aache kusumbua watu.

"Mjukuu wangu," akasema, "nikianguka hapa, nani atajua pa kunipeleka?"

Na alianguka kweli. Tulikuwa tumepita Mariakani aliponiegemea, mwili umelowa jasho, hajibu. Mama aliyeketi karibu nasi, mke wa fundi wa reli kutoka magharibi, alikuwa ameshaulizwa yote na kuuliza yake, kwa hivyo alijua tunakwenda kwa mjomba Changamwe. Watu wakainuka, nyanya akalazwa kwenye benchi. Yule mama alikuwa wa kushuka Mombasa, lakini alishuka nasi Changamwe, akatupeleka hospitalini, akanishika mkono mpaka mjomba alipofika. Nyanya aliishi miaka mingine kumi na miwili, na hakuacha kuuliza watu.

Kazi imenipandisha treni za Uingereza, Japani na Ujerumani. Huko kikombe cha chai kinakaa mezani bila kumwagika, na hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Niliipenda sana hali hiyo. Kisha siku moja, Ujerumani, niliketi saa mbili bega kwa bega na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia, na mwisho wa safari hakuamka. Wahudumu wakaniuliza alikuwa akienda wapi. Sikujua hata kama kituo chake kilikuwa kimeshapita. Wakambeba, nami nikaenda zangu. Mpaka leo sijui kama aliamka.

Mabenchi yale siyalilii, wala choo kile. Kilichopotea ni ule udadisi, na nilikuwa wa kwanza kuuonea haya.

Nikamgusa yule msichana begani. Akatoa kidude kimoja sikioni, akanitazama kwa mashaka. Nikamuuliza anashukia wapi.

"Nairobi," akasema, kisha akatabasamu kidogo. "Na wewe, auntie?"

"Hapa," nikamjibu, maana treni ilikuwa imeshasimama Voi.