Nilipima vumbi la boma zima la ukweni, kasoro jiko la mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu wote humu ndani.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu Neema amesema nikikipamba atakuja kwenye comments kunisahihisha, kwa hiyo nimekiacha kilivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi simu hapa Nyasura, Bunda. Chuo sijakanyaga. Ninachojua nimekipata YouTube na kwa kuharibu simu za watu.

Ugonjwa wangu ni kwamba sivumilii kitu kilichopinda. Nikiona skrubu moja haijakaa sawa, nafungua simu upya hata kama inawaka. Wateja wamezoea. Wengine wamehama.

Sasa Neema alipata nafasi ya kusoma Musoma. Binti yetu Nyangi alikuwa bado mdogo, na meza yangu imejaa vitu vya kumezwa. Tukakubaliana akae kwa bibi yake, mama mzaa Neema, kijijini Butiama, upande wa kuelekea machimbo ya dhahabu ya Buhemba.

Nyangi akaanza kukohoa.

Sio kikohozi cha mafua. Ni kile cha kumkunja mtoto mpaka anashika magoti. Akija kwangu Bunda anapona, akirudi kwa bibi kinaanza upya. Nilikuwaga nampigia shemeji yangu Magesa, mdogo wake Neema anayeishi hapo hapo bomani, namwambia aweke simu kifuani kwa mtoto nisikilize anavyopumua. Halafu silali.

Mtu mwingine angeuliza maswali mawili matatu. Mimi nikaanzisha utafiti.

Hapa niwaeleze wa mikoa mingine. Kwa watu wetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hampeani mkono, hamli pamoja, huingii anakolala, na jikoni kwake ndio kabisa usiwaze. Mkiwa na jambo mnazungumza kupitia mtu. Mimi na mama huyu tunapendana sana, ila tunapendana kwa umbali wa kupitisha kundi la ng'ombe.

Nadharia yangu ilikuwa vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Buhemba. Ushahidi sikuwa nao. Niliipenda tu. Ilikuwa na mashine, ilikuwa na upepo, ilikuwa na watu wa kulaumu.

Nikajifunza mtandaoni kwamba ukipaka sahani nyeupe mafuta ya mgando ukaiacha wazi, vumbi linanasa unalipima. Nikanunua sahani za aina moja, maana sahani tofauti zingeninyima usingizi. Nikazipanga kuzunguka boma lote kwa kufuata dira ya simu. Kuku walizipenda. Sahani iliyokanyagwa na kuku niliiandikia "mwingilio wa kibaiolojia".

Nikachora na ramani. Zizi, ghala, nyumba ya Magesa, vyote kwa vipimo. Jiko la mama mkwe nikaliwekea kisanduku cheupe, ndani nikaandika: "Jengo B. Halikufikiwa kwa sababu za kimila."

Magesa, aliyekuwa amenishikia futi, akachungulia.

"Na hapa vipi, mura?" Mura kwetu ni kijana wa kiume.

"Hapo siwezi kuingia."

"Kweli. Hapo huwezi."

Tukaendelea na zizi.

Utafiti bila historia niliona haujakamilika, kwa hiyo nikaenda kwa jirani, Mzee Wambura. Nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Zamani hapa wezi wa ng'ombe walikuwa wanatusumbua," akasema. "Watu wakajenga bila madirisha. Dirisha la nini? La kupitishia mkuki?" Akaelekeza gunzi kwenye jiko la mama mkwe. "Lile pale ni la mtindo huo huo. Hata panya anabisha hodi mlangoni."

Nikarekodi yote. Ikawa Sura ya Pili. Nikatafuta na picha ya mkuki ya kuweka pembeni.

Siku ya kukusanya sahani, moja ikakosekana. Kumbe mama mkwe aliona sahani mpya inachezewa na kuku, akaiokoa akaiweka jikoni kwake, juu ya kichanja. Magesa akaenda kuitoa.

Ilikuwa nyeusi tii.

Zile nyingine zilikuwa na vumbi jekundu la kawaida, hata baiskeli inayotoka mnadani ina zaidi. Wakuu, niliitazama ile nyeusi nikakasirika kabisa. Ilikuwa inaniharibia grafu. Nikaandika "sampuli iliyochafuliwa" nikamrudishia Magesa aioshe.

"Haitoki hii, shemeji."

"Tumia mchanga."

Akatumia mchanga.

Ripoti ikakamilika. Kikao cha familia kikaitwa. Mimi nimekaa na wanaume mbele ya nyumba, mama mkwe yuko nyuma ya ukuta, anasikiliza. Nikasoma pendekezo kuu: upepo ukivuma, mtoto abaki ndani.

"Muulizeni baba Nyangi," sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya ukuta, "ndani wapi?"

"Mwambieni mama, ndani popote, mbali na vumbi."

"Mwambieni nimesikia. Atakaa na mimi."

Baba mdogo wa Neema akasema wakwe wengine huwa wanaleta maneno, huyu kaleta michoro. Nilirudi Bunda kifua mbele.

Na upepo ukavuma wiki nzima, wakuu.

Magesa akanipigia. Mtoto alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Nikamwambia amkimbize hospitali Musoma, na mimi nikapanda gari la kwanza lililosimama Bunda.

Nilimkuta Nyangi amewekewa barakoa ya hewa, mbavu zinaingia na kutoka kama za ndama mgonjwa. Neema ameshika mguu wake. Daktari, dada mmoja mtaratibu, akatugeukia.

"Mtoto huwa analala wapi?"

Nikatoa simu, nikafungua PDF.

Nikapita utangulizi. Nikapita mkuki. Nikafika kwenye ramani, kwenye kile kisanduku cheupe. Neema alikuwa ananitazama.

"Analala jikoni na bibi yake," Neema akasema. "Sisi wote tumekulia pale. Moto wa mama hauzimwi, na siku hizi wanashinda humo humo."

"Dirisha lipo?" daktari akauliza.

"Wezi wa ng'ombe," nikasema.

Daktari akasubiri niendelee. Nikafunga PDF.

Baadaye kwenye benchi Neema akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mimi nimezaliwa mle. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikamjibu sikutaka kumsumbua na mitihani. Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Mnajua kilichoniuma? Moshi ulikuwepo kabla yangu, sawa. Lakini mwanangu alikuwa anatoka nje kucheza, anapumua. Mimi ndiye niliyemwandikia abaki ndani. Kwa font nzuri, na namba za kurasa.

Nyangi aliruhusiwa, nikamchukua Bunda. Lakini bibi yake alibaki mle mle, na yeye naye anakohoa miaka yote, watu wanasema ni uzee.

Nikatengeneza jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi. Nililijenga kwanza uani kwangu Nyasura, nikalibomoa, nikalijenga tena, mpaka jirani akadhani ni kaburi, akaniuliza nani amefariki. Halafu nikaenda Butiama. Ndani akaingia Magesa. Mimi nikasimama zizini napiga kelele.

"Peleka kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

Tulipofika kwenye dirisha mama mkwe akagoma.

"Muulizeni mkwe wangu, na wezi je?"

"Mwambieni mama, ng'ombe wako zizini. Jikoni yuko yeye tu."

Sauti yake ikarudi: "Muulizeni, kwa hiyo mimi siibiki?"

Wanaume wote wakaangalia chini. Nilituma maneno ya kuomba radhi, nikatuma na kitenge. Dirisha likakubaliwa.

Magesa akatoboa ukuta, akapachika fremu. Kutoka zizini nikaliona. Upande mmoja juu, upande mmoja chini, kama kofia ya mlevi. Mikono ikaanza kuniwasha. Nikajikuta natembea.

"Mura," Magesa akasema kwa upole, bila hata kugeuka, "ukivuka hapo itabidi tutafute mbuzi wa kukusafisha."

Nikasimama. Moto ukawashwa. Moshi ukapanda kwenye bomba, na uliobaki ukatokea dirishani. Mama mkwe akakaa ndani muda mrefu, hakohoi.

"Mwambieni baba Nyangi," akasema mwishowe, "dirisha lake limepinda. Lakini moshi umeshalijua."

Nyangi siku hizi akienda kwa bibi analala nyumbani kwa Magesa. Dawa yake ya kuvuta inasafiri naye. Bado nampigia Magesa aweke simu kifuani, ila sasa Nyangi mwenyewe anaipokea na kusema, "Baba, nalala."

Nilichojifunza: mila ilinikataza kuingia. Kuuliza haikunikataza kamwe, na watu wa kupitisha swali walikuwa wamejaa boma zima, mmoja amenishikia futi. Ukitafuta kinachomuumiza mtu wako, anza na anapolala. Upepo utaukuta baadaye, haukimbii.

Haya, uwanja wenu. Wenye wakwe wa kutokaribiana, nyie mnafanyaje? Na anayejua kutoa masizi kwenye sahani anisaidie, mama mkwe anaidai ile yake.

Picha ya dirisha nimeiweka hapo chini. Najua limepinda. Liacheni hivyo hivyo.